Pande Nne za Mzee Kutu

Karakana ya Makochi, nyuma ya kiwanda cha mikate
3 Februari

Mzee Kutu,

Shikamoo. Hunijui, na mimi si mtu wa kuwaandikia waimbaji. Mara ya mwisho kuandika barua ndefu nilikuwa nakataa posa. Lakini juzi mteja alituletea viti vyake vimefungwa kwa magazeti, na katika kufungua nikakuta picha yako na maneno ya bwana mmoja mwandishi. Anasema Pande Nne ni ndefu mno. Anasema santuri mbili kwa mtu wa umri wako ni kutojua wakati wa kunyamaza, kwamba ungechagua nyimbo kumi nzuri ukatupumzisha. Nilisoma damu ikanipanda. Apumzike yeye.

Nikuambie sisi tunavyokusikiliza. Tuko watatu hapa. Mimi nakata vitambaa na kuvalisha makochi, ndiyo maana naitwa Mama Makochi hadi kanisa zima limesahau nilivyobatizwa. Wifi yangu yuko kwenye cherehani, na mdomo wake haujui likizo. Mume wangu ni fundi wa fremu, naye siku hizi ndiye mgeuza santuri, kwa sababu ndiye pekee asiye na gundi mikononi. Mashine ya santuri iko juu ya kabati la misumari. Tukifungua mlango tu asubuhi, anakuweka.

Upande wa kwanza, pale gitaa linapoanza peke yake na ile shingo ya chupa inateleza juu ya nyuzi, wifi anaacha kukanyaga cherehani. Hiyo pekee ni ajabu, tangu nimjue hajawahi kuacha kitu kwa ajili ya mtu. Kwenye wimbo wa Zege, mpiga ngoma wako anachelewa kidogo kila pigo, makusudi, na mimi nimejikuta nagonga misumari kwa kuchelewa hivyo hivyo. Nimejigonga kidole na sijajuta. Na sauti yako imeharibika kuliko zamani. Wakati nasoma shule tayari walikuita Kutu, sasa kutu yenyewe imekula bati. Usiitibu.

Ila kilichonikalisha niandike ni ule mwisho. Unatuimbia ujana wako, unatulaza na Funga Dirisha mpaka tunadhani mzee anaaga, halafu huyo, unaamka na Zege, unapanda, unapanda, na mwisho kabisa ni Sisogei. Gitaa linafoka, unarudia neno hilo moja mpaka santuri inaisha. Mtu anayemaliza hivyo hajazeeka. Ng'ombe hazeeki maini.

Usipunguze hata wimbo mmoja. Wakikubana, waambie kuna watu watatu nyuma ya kiwanda cha mikate hawajachoka.

Mama Makochi


20 Februari

Mwanangu Mama Makochi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimeshika kichwa.

Yule mwandishi mwache. Nilishaambiwa ninyamaze kabla yeye hajaota meno. Kidole pole. Mpiga ngoma wangu nilimsomea ile sehemu ya kuchelewa, akafurahi mpaka akaninunulia chai, jambo ambalo halijatokea tangu tufahamiane.

Lakini sijui mnasikiliza nini huko. Sisogei siyo mwisho. Sisogei inafunga upande wa tatu. Baada yake unakuja upande wa nne, na kazi yote inaishia kwa Funga Dirisha. Mtu amekua, amefanya kazi, amegombana na dunia, amechoka, amefunga dirisha, amelala. Ndivyo nilivyoipanga na ndivyo inavyosema.

Tazama santuri zako vizuri. Ya kwanza uso wake umeandikwa 1, mgongo wake 4. Ya pili ina 2 na 3. Hayo si makosa. Nyumbani nina mashine ya zamani, unaning'iniza santuri mbili juu, ya kwanza ikiisha ya pili inaanguka yenyewe, halafu unazigeuza zote kwa pamoja. Kampuni waliniambia mashine hizo watu walishazitupa. Nikawaambia mimi sijaitupa yangu. Kwa hiyo wenye mashine ya kawaida kama nyinyi mnapaswa kuanza na santuri moja, mkaitoa, mkaweka ya pili pande zote, mkairudia ile ya kwanza. Ni usumbufu kidogo, lakini hata kunielewa ni usumbufu.

Nakuambia haya kwa sababu tarehe 22 Juni nitaipiga Pande Nne yote jukwaani, na ikifika Funga Dirisha nitaweka gitaa chini na sitaliokota tena. Binti yangu amenitengenezea chumba kwake, upande usio na kelele. Waandaaji wameniagizia kochi kubwa jekundu nilikalie siku hiyo, kwa ajili ya magoti. Tangu nianze kazi hii sijawahi kupiga nimekaa, lakini kila jambo lina mara ya kwanza.

Isikilizeni tena kama nilivyoiweka.

Kutu


2 Machi

Mzee Kutu,

Shikamoo. Namba tuliziona, usidhani hatujui kusoma. Wifi alizitazama akasema kiwanda kimekosea kubandika karatasi. Kitu kina uso na mgongo, akasema, na mgongo wa moja hauwezi kuwa nne. Nikachukua chaki ya kukatia vitambaa nikazisahihisha: nne ikawa mbili, mbili ikawa tatu, tatu ikawa nne. Kwa hiyo ndiyo, tumekusahihishia kazi yako. Samahani, ila tulidhani tunakusaidia.

Jumamosi tukaifuta chaki tukakusikiliza unavyotaka. Wifi alilia, na wifi akilia hashoni, tukachelewesha mito sita ya watu. Mimi sikulia. Nilikasirika. Unatupandisha ngazi mpaka Sisogei, tuko juu kabisa, halafu unatuambia haya shukeni mkalale? Nani alikuambia watu wanapanda ngazi ili washuke walale?

Nimesikia uliyosema juu ya mpango wako. Lakini kochi likitoka karakanani kwangu, simfuati mteja nyumbani kumwelekeza akae upande gani. Nimelivalisha, amelichukua, ni lake. Nawe umeitoa Pande Nne, tumeinunua, hapa ndani ni yetu. Mgeuza santuri amegoma kuigusa kwa mpango wako, na mimi sitamlazimisha. Chaki imerudi palepale.

Na hilo kochi jekundu, uliza ndani wamejaza nini. Siku hizi wengi wanajaza vipandevipande vya sponji, mtu akikaa mara tatu limeshabonyea. Ingawa, kama kweli unaweka gitaa chini, mara moja itakutosha.

Mama Makochi


15 Machi

Mama Makochi,

Una ulimi. Sikuandika Pande Nne ili ipinduliwe kama mto wa kitanda.

Funga Dirisha niliiandika mke wangu alipofariki. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga madirisha ya nyumba hii kila jioni, na baada ya mazishi niligundua sijui hata komeo la lipi linakaaje. Niliuweka wimbo ule mwisho kwa sababu ndiko ulikokaa. Ninyi mmeuchomeka katikati, mkaugongea misumari, mkasema nimeamka. Sijaamka. Nimechoka, na mtu mwenye haki ya kusema nimechoka ni mimi.

Endeleeni na chaki yenu. Juni naipiga kama ilivyoandikwa.

Kutu


25 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo, na pole sana kwa mama. Ningejua habari ya madirisha nisingekujibu kwa maneno yale ya ngazi. Wimbo wenyewe sijawahi kuusema vibaya, na sitausema. Lakini mpango wako bado naukataa, na sasa nitakuambia kwa nini. Nilificha, kwa sababu sitaki huruma ya mtu, hasa ya mtu maarufu.

Nilikuandikia kwamba mume wangu ndiye asiye na gundi mikononi. Hana gundi kwa kuwa hakuwa akifanya kazi. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukaondoka, na maneno yakaondoka nao. Huyu ni mtu aliyekuwa akibeba fremu ya viti vitatu peke yake huku akinitania. Nilimtengenezea kochi kwa mikono yangu, sponji ngumu ya bei, kitambaa laini, nikaliweka katikati ya karakana ili awe nasi. Akakaa. Mzee, alikaa mpaka nikalichukia lile kochi. Dada yake anaongea, mimi naongea, wateja wanamsalimia, yeye anatazama mlango. Daktari alisema apumzike. Alikuwa amepumzika kiasi ambacho nilikuwa namgusa nione kama anapumua.

Santuri yako aliinunua wifi, siyo mimi. Tukamwachia mkono wake wa kushoto kazi ya kuigeuza, kusudi tu awe na kitu. Siku ya kwanza ilipoisha Funga Dirisha, alikuwa na machozi, na mimi nikajua basi, tumemmaliza. Akatoa ile santuri polepole, akaweka nyingine. Ikaanza Zege. Akapiga mkono wa kochi kwa ngumi. Ngumi ya kushoto, Mzee, kwa kuchelewa kidogo, kama mpiga ngoma wako. Ilipofika Sisogei alikuwa amesimama, ameshika kabati la misumari, anatetemeka mwili mzima, na neno la kwanza nililolisikia kwake tangu augue ni hilo lako. Halikutoka vizuri. Lilitoka.

Sasa anagonga misumari kwa kushoto. Mingi inapinda. Anainyoosha anarudia.

Ile Jumamosi tulipofuata namba zako, ilipoisha Funga Dirisha alinyoosha mkono kutafuta santuri nyingine, na hakukuwa na nyingine. Akarudi kwenye kochi, akakaa mpaka tunafunga. Dada yake ndicho alichokililia, wala siyo wimbo.

Kwa hiyo usiniambie niisikilize ulivyoipanga. Wewe uliipanga ukiwa umechoka. Mimi nina mtu ndani ya nyumba ambaye akichoka hatanirudia. Juni fanya upendavyo, ni jukwaa lako na ni haki yako. Hapa kwangu, baada ya Funga Dirisha inakuja Zege, na atakayekuja kuifuta chaki ile aje na mkasi wake, maana mimi ninao wangu.

Mama Makochi


11 Aprili

Dada Mama Makochi,

Mimi ni binti wa Mzee Kutu. Barua zako nazisoma mimi kwanza, kwa kuwa macho yake siyo mazuri, kwa hiyo mambo yako nayajua, na mume wako namwombea kila siku. Naomba usinielewe vibaya.

Tangu ile barua ya mwisho baba halali. Gitaa lilikuwa limeshafungwa kwenye sanduku, amelifungua. Anapiga kutwa, amesimama, akishika meza. Nikimuuliza, ananiambia nenda kaangalie sufuria. Wapigaji wake wanaitwa na kurudishwa, mara hivi, mara vile. Moyo wake siyo wa kuchezewa, na hilo hajakuandikia, kwa sababu naye ana kiburi chake. Waandaaji wamepanga kumuaga kwa heshima, akae kwenye kiti kizuri, watu wamshangilie, twende nyumbani.

Wewe unataka wimbo uendelee. Mimi nataka baba. Nimeshazika mzazi mmoja. Nakuomba kwa upole usimwandikie tena.

Binti wa Kutu


19 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekuelewa, na ningekuwa wewe ningeandika kwa ukali zaidi. Sitamwandikia. Mtu akiniambia habari za mzazi wake, mimi nanyamaza.

Ila hili moja nalisema kwako, siyo kwake. Mimi pia nilitaka mume. Kwa kumtaka huko nikamkalisha mahali laini, nikamwondolea nyundo, nikamwekea mto mgongoni, na nusura nibaki na mto. Sikufundishi kumtunza baba yako. Nakuambia tu nilichokiona kwa macho yangu, kwenye kochi nililolivalisha mwenyewe.

Wifi anakusalimia. Amesema kama mzee anataka kusimama, mtafutie viatu vyenye soli ya mpira.

Mama Makochi


30 Juni

Mwanangu Mama Makochi, pamoja na nyumba yako yote,

Umenyamaza, na nimekuja kujua sababu. Tumeyamaliza, mimi na binti yangu, kwa kelele kidogo. Sasa kimya chako kivunje, kwa maana nina mambo ya kukuambia.

Mlikosa kuja, na sikutegemea mngekuja, njia ni ndefu kwa mgonjwa. Ukumbi ulijaa. Kochi lao liliwekwa katikati ya jukwaa, jekundu, lina mikono mipana, ungesema wanamngoja bwana harusi. Nikalipita nikaenda kusimama kwenye kipaza sauti, nikaegemeza kiuno kwenye kigoda kirefu cha mpiga gitaa mwenzangu. Kuegemea siyo kukaa, kama kuna wa kubisha aje.

Nilipiga upande wa kwanza. Halafu nikapiga wa nne. Wapigaji niliwaambia asubuhi ile ile, wapate muda mfupi wa kuninunia. Ilipofika Funga Dirisha niliimba nikiyaona yale madirisha moja moja, na sikujizuia. Ikaisha. Watu wakasimama, wengine wanalia, na mwandaaji akatoka pembeni na maua, anatabasamu, anajua kazi imekwisha. Nikamwambia kwenye kipaza sauti, watu wote wakasikia:

"Shikilia kwanza hayo maua, kijana. Bado sijafa."

Nikamwonyesha mpiga ngoma kwa kichwa, na Zege ikaingia.

Siwezi kukueleza ukumbi ulifanya nini. Nimepiga muziki maisha yangu yote, na sikujua wimbo ule unaweza kufanya vile ukija baada ya ule mwingine. Nilidhani nimeandika habari ya mtu anayelala. Ilikuwa ndani yake habari nyingine, na mimi niliyeiandika sikuiona, nimeonyeshwa na mtu aliyeigeuza kwa mkono wa kushoto. Lakini usivimbe kichwa. Sisemi mpango wangu ulikuwa na makosa. Ulikuwa sahihi kwa mtu aliyeupanga, na mtu yule ameshaondoka zake.

Kwenye Sisogei sauti ilikatika kabisa. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Watu wakalichukua neno wao, mimi nikabaki na gitaa tu, na tukakaa juu ya neno lile mpaka fundi wa taa akatuzimia, wenye ukumbi walikuwa wanataka kufunga. Tukaendelea gizani. Binti yangu alikuwa pembeni na dawa zangu na glasi ya maji, amekasirika, amekunja uso tangu Zege ilipoanza. Kabla taa hazijazimwa nilimtupia jicho. Alikuwa anapiga makofi huku bado amenuna.

Gitaa sijaliweka chini. Nimehamia kwake, kwenye kile chumba kisicho na kelele, na sasa kina kelele. Mashine yangu ya zamani nimekuja nayo. Madirisha nafunga mwenyewe.

Kampuni wameniuliza kama wazibadilishe namba kwenye santuri. Nimewaambia wasiguse. Mwenye kichwa kigumu atatafuta chaki yake.

Waandaaji wamenipa lile kochi niende nalo, kumbukumbu. Nimelikataa nyumbani kwa binti yangu na nimelipakia kwenye gari la mizigo, linakuja kwenu. Nilifanya ulivyosema, nikabonyeza ndani: ni vipandevipande. Lichaneni, lijazeni upya, mliuze, mlifanye mtakavyo. Halijakaliwa na mtu.

Mwambie mgeuza santuri kwamba nimemsikia kutoka huku.

Kutu


14 Julai

Mzee Kutu,

Shikamoo. Leo naandika mimi, mume wa Mama Makochi. Mwandiko uvumilie, mkono wa kushoto bado mwanafunzi. Mke wangu alitaka kuniandikia, nikamwambia aende kwenye makochi yake.

Kochi lilifika jana. Dada yangu amesema mishono ya nyuma ilishonwa na mtu mwenye njaa. Mke wangu alilipiga ngumi moja ya mgongo, akacheka, akasema usingemaliza upande wa kwanza kabla halijakumeza. Fremu ni mbao nzuri, hilo nawasifu.

Barua yako nimesomewa, kisha nikaisoma mwenyewe. Ile sehemu ya gizani nimeirudia.

Tulilitafutia mtu wa kulikalia, tulijaribu kwa haki. Dada yangu ana mito ya watu. Mke wangu anakata kitambaa. Mimi nina fremu mbili za kumaliza kabla ya Jumamosi. Lile kochi langu la zamani tuliliuza mwezi uliopita, na bei nilipanga mimi.

Basi tumeweka mashine ya santuri juu ya hili lako. Liko katikati ya karakana, jekundu, na wewe uko juu yake unafoka. Hapa hakuna mwenye nafasi ya kukaa.

Mgeuza Santuri